Ndege ya Mwanafunzi na Uwanja Wake

Taifa linapoamua kuwafundisha vijana wake urubani wa kijeshi ndani ya mipaka yake, maswali mawili huwekwa mezani siku ya kwanza: chuo kiwe wapi, na mwanafunzi aanze na ndege gani. Desturi iliyoenea katika majeshi mengi, makubwa kwa madogo, ni kuyatenga maswali hayo. Kamati moja hupewa ramani ikaenda kutafuta ardhi. Kamati nyingine hupewa vitabu vya wauzaji ikaenda kutazama ndege. Kamati hizo hukutana mwishoni, mkataba ukiwa umekwisha kutiwa sahihi na saruji imekwisha kumwagwa, na kazi inayobaki ni kuzilazimisha ndege zipatane na uwanja. Sisi twasema kwamba hayo si maswali mawili. Ni swali moja, na sehemu yake ya kwanza ni mahali.

Wananchi wanapozungumza habari za jeshi la anga, aghalabu huuliza juu ya ndege za kivita: kasi yake, silaha zake na bei yake. Wana haki ya kuuliza, maana fedha ni zao. Lakini rubani hafi vitani tu. Kijana aliyeacha nyumbani kwao akiwa na cheti cha shule na afya njema aweza kufa asubuhi tulivu, mwalimu wake akiwa ubavuni, katika ndege ndogo isiyobeba hata risasi moja. Mzazi aliyemtoa kijana huyo kwa Jeshi anastahili kujua ni nani aliyeichagua ndege ile, na aliichagulia uwanja gani.

Ndege ya mwanafunzi wa mwanzo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumfundisha kupaa, kugeuka, kutua, na kujinasua pale mabawa yanapoacha kubeba. Ya pili, ambayo haitajwi sana hadharani, ni kuwachuja. Si kila kadeti hodari wa gwaride na ramani anao mkono wa kurusha ndege, na ni nafuu kwa kila mtu jambo hilo lijulikane katika saa ishirini za kwanza, ndani ya ndege ya bei ndogo, kuliko kujulikana baadaye ndani ya jeti. Kwa hiyo ndege hiyo yapasa iwe na subira. Yapasa imsamehe mwanafunzi makosa yake, ila isimfiche kwamba amekosa.

Sasa, subira ya ndege si tabia ya ndege peke yake. Huipata kutoka katika hewa inamorukia.

Tueleze kwa hesabu ambayo kila kadeti wa anga hufundishwa. Kadiri tunavyopanda kutoka usawa wa bahari, hewa huwa nyepesi. Na kadiri joto linavyozidi, huwa nyepesi zaidi. Marubani hujumlisha mambo hayo mawili wakapata kimo kimoja, ambacho sicho kilichoandikwa katika ramani, bali ni kile ambacho mabawa na injini hudhani vipo. Kanuni ya kukisia ni kwamba joto la kawaida katika usawa wa bahari ni nyuzi 15 za Selsiasi, hupungua nyuzi 2 hivi kwa kila futi 1,000, na kila nyuzi moja inayozidi joto hilo la kawaida huongeza futi 120 juu ya kimo cha uwanja. Uwanja wa Mombasa, ulio karibu na bahari, siku ya nyuzi 32 huwa kama uwanja wa futi 2,000 na kitu. Uwanja wa Eastleigh mjini Nairobi una futi 5,300 hivi. Siku ya nyuzi 26 ndege itadhani ipo karibu na futi 8,000. Na Nanyuki, penye futi 6,200 na zaidi, siku ya nyuzi 24 tu hesabu yapita futi 8,500.

Injini ya petroli isiyokuwa na mtambo wa kusukumia hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu yake kwa kila futi 1,000. Katika futi 8,000 imepoteza karibu robo. Rafadha nayo yakamata hewa kidogo, na mabawa vivyo hivyo. Njia ya kupaa huongezeka, na kwa ndege nyingi ndogo hukaribia kuwa mara mbili ya ile ya pwani. Lakini hatari kubwa kwa mwanafunzi si kupaa. Ni kutua. Saa ya mwendo iliyo mbele yake itamwonyesha tarakimu ileile aliyofundishwa, nayo ndege kwa kweli yaenda kasi zaidi ya hapo, kwa zaidi ya sehemu moja katika nane. Ataona ardhi ikimkimbilia. Atadhani anaenda mbio mno na kuvuta usukani ili apunguze. Tena kwa mwinamo uleule duara la kugeuka limepanuka zaidi ya robo, naye anapoona anaupita mstari wa uwanja huulaza ubawa zaidi na kukaza zaidi. Hapo ndipo mabawa huacha kubeba, ndege ikapinduka na kuporomoka ikizunguka kama pia, chini kukiwa na futi mia chache tu. Hakuna mwalimu, awe hodari namna gani, awezaye kuitoa ndege katika hali hiyo pasipo na kimo.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya vitabuni. Basi na tutazame yaliyotokea katika jeshi la anga lenye fedha nyingi kuliko yote duniani.

Kuanzia miaka ya 1960 Jeshi la Anga la Marekani liliwachuja makadeti wake kwa ndege iitwayo T-41, ambayo si kitu kingine ila Cessna 172 iliyovaa sare. Yafaa tuliangalie jambo moja ambalo wengi hulipita. Ndege hizo zilipoanza kununuliwa, aina ya kwanza, T-41A, ilikuwa na injini ya nguvu ya farasi 145. Lakini kwa ajili ya Chuo cha Jeshi la Anga kilichopo Colorado, ambacho uwanja wake una kimo cha futi 6,572, wakubwa wa wakati ule hawakupeleka ndege hiyo. Waliagiza aina nyingine, T-41C, yenye injini ya nguvu ya farasi 210. Ziliundwa 52. Umbo lile lile, mabawa yale yale, injini kubwa zaidi. Maana uwanja ulikuwa juu. Hapo mahali palitangulia na ndege ikafuata, na makadeti wa vizazi kadhaa walijifunza bila kelele.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 upepo ulibadilika. Jenerali Merrill McPeak, aliyekuwa Mkuu wa Jeshi hilo tangu 1990 hadi 1994, na maofisa waliokuwa pamoja naye, waliona kwamba T-41 ni ndege ya upole mno. Walitaka ndege iwezayo kupinduka, kubingirika na kuzunguka, ili kadeti aonje mapema mambo yatakayomkuta katika jeti. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mtu asiyeweza kustahimili kupinduliwa kichwa chini hafai kuwa rubani wa vita, na ni vema ijulikane mapema. Mwaka 1992 walichagua ndege ya Kiingereza, Slingsby Firefly, wakaipa jina la T-3A. Walinunua 113. Injini yake ilikuwa ya nguvu ya farasi 260, na Waingereza wenyewe walifundishia Firefly yenye nguvu hiyohiyo kwa miaka mingi huko Barkston Heath, katika Lincolnshire, uwanja wa futi 370 hivi.

Firefly za Wamarekani ziligawanywa sehemu mbili. Nyingine zilikaa Hondo, katika Texas, uwanja usiofika futi 1,000. Nyingine zilipelekwa Colorado, kwenye futi 6,572, chini ya Milima ya Rocky, ambapo siku ya kiangazi ya nyuzi 30 hesabu yetu ya hapo juu yatoa karibu futi 10,000. Katika kimo hicho injini ya nguvu ya farasi 260 haibaki na zaidi ya 180 au 185.

Tarehe 22 Februari 1995 ndege moja ya Colorado ilianguka katika zoezi la kuporomoka kwa mzunguko; kadeti na mkufunzi wake wakafa. Tarehe 30 Septemba 1996 ikaanguka ya pili, katika zoezi la kutua kwa dharura, wakafa wawili. Tarehe 25 Juni 1997 ikaanguka ya tatu, wakafa wawili. Makadeti watatu, wakufunzi watatu. Katika muda huo huo injini za T-3A zilikuwa zikizimika zenyewe, ardhini na angani, si mara moja wala mbili bali makumi ya mara. Julai 1997 ndege zote zilizuiwa kuruka. Hazikuruka tena na wanafunzi. Mwaka 1999 mpango ukafutwa, na mwaka 2006 ndege 110 zilizobaki, nyingi zikiwa bado mpya kwa saa za kazi, zikavunjwavunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu.

Hatutaki kudanganya wasomaji wetu kwa kusema kwamba kimo peke yake kiliwaua watu hao sita. Uchunguzi ulitaja makosa ya marubani. Mapitio ambayo Jeshi hilo lilijifanyia lenyewe yalikosoa pia namna ndege ilivyojaribiwa kabla ya kukubaliwa, na namna wakufunzi walivyoandaliwa, maana wengi wao walitoka katika ndege kubwa za kubeba mizigo na za kujaza mafuta, wakatiwa katika ndege ndogo ya sarakasi. Yote hayo ni kweli. Lakini ndege tatu zilizoua zilikuwa zote za Colorado. Hondo, ambako ndege zilikuwa zilezile, na ambako wanafunzi hawakuwa mahodari zaidi, hapakufa mtu. Mwenye macho na aone. Kosa la mkufunzi ambalo karibu na bahari lingemletea aibu na karipio, juu ya mlima lilimletea jeneza.

Jambo linalotusikitisha zaidi ni kwamba jeshi lile lilikwisha kujua. Lile lile lililoagiza T-41C kwa sababu ya kimo, kizazi kimoja baadaye likachukua ndege moja kwa viwanja viwili vilivyopishana zaidi ya futi 5,600. Maarifa hayakupotea katika makabati. Yalikuwa yameegeshwa kwenye uwanja, yamepakwa rangi, na kila mtu aliyapita asubuhi akienda kazini. Ndivyo yanavyokuwa mambo ofisini. Ofisa aliyejua sababu hustaafu, na anayemfuata huikuta ndege bila kuikuta sababu.

Kinyume cha hayo kilionekana Kanada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 17 Desemba 1939 Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand zilitia sahihi mjini Ottawa mapatano ya kufundisha wanaanga mbali na mabomu ya Wajerumani. Hadi mpango ulipofungwa mwaka 1945, Kanada peke yake ilikuwa imetoa zaidi ya wanaanga 131,000. Ndege moja kuu ya mwanzo ilikuwa Tiger Moth ya Uingereza, ambayo kwa asili rubani wake hukaa wazi, kichwa kikipigwa na upepo. Katika tambarare za Kanada wakati wa baridi, mwanafunzi aliyekaa hivyo angeganda vidole kabla ya kujifunza lolote. Wakanada hawakuhamisha baridi, wala hawakuwaambia wanafunzi wajikaze kiume. Waliibadili ndege: wakaifunika kwa kioo, wakaitia joto, wakaipa breki na, ilipohitajika, miguu ya kutelezea juu ya theluji. Ilitoka kiwandani ikiwa na jina lilelile, lakini ilikuwa ndege ya mahali pale.

Tukija karibu na nyumbani, Nairobi nayo ilipata kuwa chuo. Mwishoni mwa mwaka 1939 Jeshi la Anga la Uingereza lilifundisha hapo kundi dogo la vijana waliojiunga wakiwa huku Afrika Mashariki. Mmoja wao alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell kutoka Dar es Salaam, mrefu kupita kiasi, jina lake Roald Dahl, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa vitabu vya watoto. Walianza na Tiger Moth ya nguvu ya farasi 130 katika kimo kinachopita futi 5,000. Ndege ile iliweza kwa sababu ilikuwa nyepesi sana na ilikuwa na mabawa mawili kila upande. Kwenda kwake kulikuwa kwa polepole hata makosa yake yalikuwa ya polepole. Baada ya hapo wakapelekwa Habbaniya, huko Iraki, kumalizia mafunzo kwa ndege kubwa zaidi, katika bonde la mto Frati lenye joto kali.

Habbaniya yatufundisha jambo jingine kuhusu mahali. Chuo kile kiliwekwa tambarare, karibu na maji, hewa kavu, anga wazi: kwa mwalimu wa urubani palikuwa pazuri. Kwa askari hapakuwa pazuri hata kidogo, kwa sababu ng'ambo ya uzio kulikuwa na uwanda ulioinuka. Mwishoni mwa Aprili 1941 majeshi ya Iraki yalipanda juu yake na mizinga, yakakitazama chuo chote kama mtu atazamavyo sahani. Wakufunzi na wanafunzi wakafunga mabomu chini ya ndege za mafunzo wakapigana kwa siku kadhaa, na wakashinda. Lakini hakuna mkuu wa chuo anayepanga masomo yake akitegemea ushindi wa namna hiyo. Wanaopendekeza kiwanja kwa sababu ya hali ya hewa peke yake, na wapande kwanza kilima cha karibu.

Sasa tuje kwetu, nchi za maziwa na nyanda za juu. Sisi sote hapa tumerithi viwanja vya juu. Kigali una futi zipatazo 4,850. Entebbe una futi 3,782. Soroti una futi 3,697. Kwa muda mrefu swali la mafunzo ya mwanzo liliahirishwa kwa kuwapeleka vijana ng'ambo: Waganda Israeli hadi mwaka 1972, Wakenya Uingereza, Watanzania China. Kuna faida katika hayo, na hatuwatukani waliotusomeshea vijana. Lakini kijana aliyezoea uwanja wa futi 300 na baridi ya Ulaya hurudi na mikono iliyopimwa kwa hewa nzito, na saa ya kwanza atakayotua Nanyuki au Kigali adhuhuri ndiyo siku yake halisi ya mtihani. Hata anayesomea ng'ambo, basi, hajamaliza mafunzo ya mwanzo mpaka ameyarudia nyumbani.

Wakenya walipoanzisha jeshi lao la anga hapo Eastleigh mwaka 1964, walianza na Chipmunk, ndege ya Uingereza yenye nguvu ya farasi 145, ambayo katika futi 8,000 za adhuhuri hubaki na 110 tu. Katika miaka ya 1970 wakachukua Bulldog yenye nguvu ya farasi 200. Baadaye wakanunua Tucano 12 zenye injini ya tabo ya nguvu ya farasi 1,100. Hatudai kwamba kimo peke yake kiliamua kila hatua. Siasa na mikopo nayo ilikuwamo, kama ilivyo kawaida. Lakini anayeishi juu hujifunza kununua injini.

Na Soroti? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha hapo chuo cha urubani wa kiraia mwaka 1971, na hata baada ya Jumuiya ile kuvunjika mwaka 1977 chuo kilibaki katika Uganda. Kwa mtazamo wa kwanza mahali hapo ni tulizo la moyo: nchi tambarare ya Teso, mwamba mmoja mkubwa wa kujielekezea, ndege za abiria si nyingi. Kilinganishwe na Entebbe, penye njia za kimataifa, penye kongoti warukao makundi kwa makundi, na penye ngurumo za Ziwa Victoria, kanda ambayo ni miongoni mwa zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Mwanafunzi wa saa kumi za kwanza hafai kupangwa foleni nyuma ya jeti yenye abiria mia mbili. Kwa mambo hayo Soroti yashinda.

Lakini na tufanye ile hesabu. Futi 3,697; joto la kawaida la kimo hicho ni nyuzi 7 au 8. Siku ya nyuzi 32, ambayo huko si ajabu, zidisho ni nyuzi 24 na zaidi. Zidisha kwa 120. Jibu ni kama futi 6,600. Yaani Soroti, ambayo machoni ni tambarare ya kawaida isiyo na mlima wa kumtisha mtu, adhuhuri huwa na hewa ya uwanja wa Colorado jinsi unavyoandikwa katika ramani. Hatusemi hivyo ili kuikataa Soroti. Twasema ili yeyote atakayewachagulia ndege makadeti wa nchi kama yetu asizisome tarakimu za mtengenezaji zilizopimwa usawa wa bahari kwa nyuzi 15, akadhani amesoma habari za ndege atakayoipata. Ndege ile haipo hapa. Ipo Ulaya, katika majira ya kuchipua.

Lipo tena jambo la mafuta, ambalo katika mikutano hutajwa mwisho, watu wakiwa wamekwisha kuzishika kofia zao. Injini nyingi za petroli za ndege ndogo hutaka petroli maalumu ya anga, ambayo katika nchi zetu ni adimu, ni ghali, na huletwa kwa mapipa. Mafuta ya jeti, kwa upande mwingine, hupatikana katika kila kiwanja kikubwa. Leo zipo ndege ndogo za mafunzo ambazo injini zake za dizeli hunywa mafuta ya jeti, na zina mtambo wa kusukumia hewa, kwa hiyo hazipotezi nguvu upesi zipandapo juu. Zipo na za injini ya tabo, ghali zaidi, ila zenye nguvu ya ziada. Nchi iliyo kando ya bandari yaweza kuchagua injini ya petroli na isijute. Nchi ambayo kila lita imesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwa lori yatazame upya. Ndege bora iliyokosa mafuta ni mapambo ya lango, na mwanafunzi aliyekaa wiki tatu bila kuruka hurudi angani akiwa mgeni.

Vilevile kuna zawadi. Serikali rafiki ikitoa ndege kumi bure, ni vigumu mno kwa ofisa yeyote kusimama na kusema hatuzitaki. Twafahamu ugumu huo. Hata hivyo zawadi hupokewa kwa adabu na hupimwa kama bidhaa. Aliyetoa hakuahidi kwamba itapaa kutoka kwenye uwanja wako. Aliahidi kwamba itafika.

Sisi tuliopita katika chuo cha makadeti twajua jinsi amri inavyoshuka: kadeti haulizi kwa nini ndege hii na si ile. Anaambiwa vaa, panda, funga mkanda. Hiyo ndiyo nidhamu, na bila hiyo hakuna jeshi. Ndiyo sababu swali lazima liulizwe na walio juu yake, mapema, na kwa sauti, maana yeye hatauliza. Wakufunzi wapewe nafasi ya kuikataa ndege kabla haijanunuliwa, na wapewe saa za kutosha za kuizoea katika uwanja wenyewe kabla ya kukabidhiwa mwanafunzi wa kwanza. Wale sita wa Colorado hawakuwa wazembe. Walitii.

Kwa hiyo twapendekeza jambo ambalo halihitaji fedha nyingi. Kabla ya mkataba wowote wa ndege za mafunzo ya mwanzo kutiwa sahihi, muuzaji ailete ndege moja katika uwanja ule uliochaguliwa, si katika mji mkuu penye zulia na picha. Ije Januari au Februari, katika kiangazi. Ijazwe mafuta, ikae mkufunzi mmoja mzito na kadeti mmoja mzito, na wapae saa saba mchana, upepo ukitoka ubavuni. Injini izimwe juu ya uwanja na kuwashwa tena. Ifanyiwe zoezi la kuporomoka, na ipimwe ni futi ngapi imepoteza hadi ikatulia. Itue mara kumi. Tarakimu zote ziandikwe na ofisa wetu kwa mkono wake, na karatasi hiyo iambatanishwe na mkataba, ikiwa na tarehe, joto la siku hiyo, na kimo cha uwanja kwa futi.